Kile Kinachogusa Barabara



Mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kikikaribia mwisho na vumbi la Kolwezi limeyafunika majani ya miembe hadi yakawa mekundu, mpwa wetu alifika nyumbani na gari. Tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa Toyota Celica ya mwaka 1996, lenye milango miwili na usukani upande wa kulia, kama magari mengi yanayofika kwetu kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia. Umri wa gari hilo unakaribia umri wa mwenyewe. Alilikuta limesimama juu ya matofali nyuma ya karakana ya rafiki yake, akalinunua kwa bei ndogo, akalitengeneza jioni baada ya jioni kwa muda wa miezi kumi na minne. Injini ilikuwa imepona. Rangi ilikuwa mpya. Zilibaki tairi.

Alikuja na maombi mawili. La kwanza, tumshauri; la pili, tumkopeshe dola mia mbili, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa nazo mia mbili tu. Mwezi wa kumi na moja alikusudia kwenda Lubumbashi kupeleka posa, naye alitaka tuende pamoja katika gari hilo: sisi mbele, na dada yetu, yaani mama yake, akijikunja katika kile kiti cha nyuma ambacho Wajapani walikiweka kwa heshima zaidi kuliko kwa matumizi.

Tulimwuliza kama amekwisha kuchagua. Macho yake yaling'aa. Alikuwa ameona janti za inchi 17, zinazometameta kama sufuria mpya, na juu yake tairi nyembamba za kipimo cha 215/40. Muuzaji alitaka dola mia nne kwa zote nne. «Mjomba,» alisema, «gari la mbio bila janti kama hizo ni kama bwana arusi aliyevaa kandambili.»

Tulicheka. Lakini tangu ujana wetu tumefundisha shuleni, na mwalimu hawezi kuona namba bila kutaka kuzifafanua. Basi tukachukua kipande cha chaki, tukapiga hesabu juu ya ukuta wa jiko.

Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi si mapambo. Gari lile lilitoka kiwandani na tairi za 205/55R15. Ya kwanza, 205, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 55, ni kimo cha ubavu, kinachohesabiwa kwa asilimia ya upana huo: yaani karibu milimita 113. Ya mwisho, 15, ni kipenyo cha janti kwa inchi. Baada yake hufuata namba ya uzito na herufi ya mwendo. 88 maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 560. Herufi H ni mwendo wa kilomita 210 kwa saa, na V ni kilomita 240. Sasa tazama zile 215/40 za inchi 17: ubavu wake ni milimita 86 tu. Juu ya barabara laini ya Japani, ubavu mfupi hulifanya gari litii usukani upesi. Juu ya barabara yetu, ambapo malori ya shaba yamechimba mashimo yenye kingo kali, ubavu huo hauna nafasi ya kubonyea. Pigo lote huishia kwenye janti, nayo hupinda au hupasuka. Uzuri ule ungedumu hadi shimo la kwanza.

Mpwa wetu ni fundi; alielewa kabla hatujamaliza. Aliziaga janti zake kwa uchungu, kisha tukaanza kutafuta tairi za kipimo cha asili. Tulizunguka Dilala na Manika siku mbili. Tairi za 205/55R16 zilijaa kila mahali. Za 205/55R15 hazikupatikana. Ndivyo ilivyo kwa magari yaliyozeeka: dunia imeendelea na vipimo vingine. Muuzaji mmoja alitaka kutupa 195/65R15. Zingeingia kwenye janti, ila kipenyo chake chote kinazidi kile cha asili kwa milimita 28, na gurudumu lingekwaruza ndani ya banda lake kila tunapokata kona.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja, kwado wa siku nyingi, aliyekaa kando ya barabara chini ya mwavuli uliotoboka. Alisikiliza, akafikiri, akasema: «Chukueni 195/60R15.» Tulipiga hesabu tena. Kipenyo kilizidi kwa milimita nane na nusu tu. Saa ya mwendo ikionyesha 100, gari litakuwa linakwenda 101 na kidogo. Uwezo wa kubeba unapatikana uleule wa 88. Na ubavu ni mrefu kidogo kuliko wa asili, milimita 117, jambo jema kwa barabara zetu. Mzee yule hakuwa na cheti chochote ukutani, kwa kuwa hakuwa hata na ukuta.

Likabaki swali la majira. Katika nchi za Ulaya na Marekani huuzwa tairi za kiangazi, tairi za baridi, na zile zinazoitwa za majira yote, zilizotengenezwa ili zistahimili joto na bado zishike ardhi theluji inapoanguka. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita unatufanya tutafute blanketi. Lakini theluji hatuijui. Majira yetu ni mawili: la vumbi na la mvua. Kwetu tairi ya majira yote ni ile isiyolegea juu ya lami iliyochomwa na jua la mwezi wa tisa, na ambayo mwezi wa kumi na moja ina mifereji mipana ya kutosha kuyatoa maji chini yake. Mifereji ikiisha, maji hukosa pa kwenda. Gari huelea juu yake kama mtumbwi, na mtu anaweza kuuzungusha usukani kama apendavyo bila kusikilizwa. Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu huchanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika miezi yote ya kiangazi, na lami huwa kama sabuni.

Duka la tatu tuliloingia liliuza tairi za okazyo, yaani zilizokwisha kutumika ng'ambo. Zilipangwa vizuri, zimepakwa dawa nyeusi, zinang'aa. Kipimo chetu kilikuwapo, na bei ilikuwa dola thelathini na tano kila moja. Muuzaji alituapia kwamba bado ni mpya. Mpwa wetu aliwasha taa ya simu yake, akapiga goti, akatafuta ubavuni. Kwanza aliona alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Hiyo ni alama ya tairi iliyopimwa kwa ajili ya theluji; na zile zilikuwa tairi za baridi hasa, ambazo mpira wake umefanywa laini ili usigande katika baridi kali. Juu ya lami ya moto huisha upesi kama kifutio cha mwanafunzi. Kisha akatafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zilikuwa 4110. «Wiki ya 41, mwaka 2010,» alisema. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Hukauka, hupata nyufa ndogo, na tabaka zake za ndani huanza kuachana. Baadhi ya watengenezaji wakubwa hushauri kwamba tairi ichunguzwe kila mwaka ikishatimiza miaka mitano, na ikifikisha kumi iondolewe, hata kama meno yake bado ni marefu.

Mpwa wetu alisimama, akapangusa magoti yake. Hakumkemea muuzaji. Alitugeukia sisi, akasema kwa sauti ya chini: «Mjomba, mtu anayeifunga tairi kama hii kwenye gari la watoto ana moyo gani?»

Hatukumjibu. Na hapa, wapendwa vijana, ndipo tunapofika mahali ambapo tungependa kuishia.

Miaka kumi na mitatu iliyopita tulipewa jukumu la kuwapeleka watoto wa katekisimu Fungurume kwa basi dogo la kukodi. Mwenye basi alikuwa ametupunguzia nauli kwa sharti kwamba sisi tununue tairi mbili za nyuma. Parokia ilitukabidhi dola mia mbili na arobaini kwa tairi mpya. Wiki ileile mtoto wetu wa kwanza alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Tulinunua tairi mbili za okazyo kwa dola tisini. Muuzaji alituandikia risiti ya kiasi tulichotaka, bila hata kuinua macho, kana kwamba tulikuwa wa kumi siku hiyo. Dola mia moja na hamsini zilikwenda shuleni. Tulijiambia kwamba tutazirudisha mwisho wa mwezi. Kijana aliyezifunga tairi alitazama ubavuni, akatuambia: «Mwalimu, hizi zina namba tatu tu.» Wakati ule hatukujua maana yake. Baadaye tulijua: namba tatu ni alama ya tairi iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2000. Lakini hatutajificha nyuma ya kutokujua. Uso wa yule kijana ulitutosha. Tulimwambia aendelee.

Tairi ya nyuma upande wa kulia ilipasuka baada ya daraja la Lualaba. Basi liliyumba mara tatu, likaingia katika majani, likalala ubavu. Watoto walikuwa kumi na wanane. Hakufa hata mmoja. Mmoja alivunjika mkono wa kushoto mahali pawili, nao haujanyooka hadi leo. Anapokaza nati huinua bega ili mkono ufike. Ndiye mpwa wetu. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Jumapili iliyofuata ilisomwa misa ya shukrani. Sisi ndio tuliosoma nia za misa. Tulisema mbele ya watu wote kwamba barabara ni mbovu, kwamba yule mwovu hapendi kazi ya katekisimu, kwamba Mungu ametulinda. Maneno hayo yalipokewa vizuri. Dada yetu alitukumbatia mlangoni, akatushukuru kwa kuwa tulimbeba mwanawe hadi hospitali.

Jioni ya siku ile ya duka la tatu tulimwita mpwa wetu chini ya mwembe, tukamweleza yote: bei, risiti, karo, namba tatu. Hakutukatiza. Tulipomaliza aliutazama mkono wake muda mrefu kidogo, kama mtu anayetazama saa, akasimama, akaondoka kwa miguu. Gari lilibaki uani kwetu. Siku tatu hakuja, wala hakujibu simu. Siku hizo tatu tuliliona gari hilo kila tulipofungua mlango.

Katika siku hizo tulikumbuka pia jambo tulilozoea kuwafundisha wanafunzi wa darasa la sita. John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo mjini Belfast, alisajili tairi yake yenye upepo mwaka 1888. Kwanza baiskeli, kisha magari, yalitaka mpira. Na mpira ulikuwa katika misitu yetu. Chini ya utawala wa Leopold II, uliokoma mwaka 1908, vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta, na askari walidaiwa kuthibitisha kwamba kila risasi imetumika kwa mtu. Ushahidi ulikuwa mkono uliokatwa. Mwaka 1904, katika nchi ya Équateur, mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi, akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali. Tuliwaonyesha wanafunzi picha hiyo miaka mingi, tukiwauliza: wale waliofanya haya walikuwa na moyo gani? Nasi tulikuwa tumevunja mkono wa mtoto kwa faida ya dola mia moja na hamsini. Hatusemi kwamba makosa hayo mawili yanalingana ukubwa. Tunasema kwamba yote mawili huanza pale ambapo mtu hutazama namba, asitazame kiungo cha mtoto.

Siku ya nne mpwa wetu alirudi, ameshika karatasi yenye vipimo. Hakukaa. «Kesho tunanunua mpya, mjomba,» alisema. «Tarehe utasoma wewe.»

Tulizipata mjini: 195/60R15 88V, tairi mpya, si za jina kubwa, zenye mifereji minne mipana. Kila moja ilikuwa dola themanini na tano. Tulipiga goti na taa, tukasoma tairi moja baada ya nyingine kwa sauti, naye akisimama nyuma yetu. Zote zilikuwa za mwaka uleule. Kwanza alikuwa amewaza kununua mbili tu na kuziweka mbele, kwa kuwa gari lile huvutwa na magurudumu ya mbele. Mzee kwado alikataa. Ukiwa na mbili tu mpya, alisema, ziweke nyuma. Mbele likiteleza dereva huhisi na anaweza kupunguza mwendo, bali nyuma likiteleza gari hugeuka kabla hajatambua. Hivyo tulinunua zote nne, na fedha iliyobaki ililipia kusawazisha magurudumu. Tulimwambia mpwa wetu kwamba mia mbili zetu si mkopo tena, ni zawadi. Alikataa. Alisema deni lake kwetu na deni letu ni vitu viwili, visichanganywe.

Deni letu tulilipeleka kwa padri na halmashauri ya parokia. Walitusikiliza kimya. Tulianza kulirudisha kwa awamu, na tunapoandika haya awamu moja bado haijalipwa. Dada yetu tulimweleza sisi wenyewe. Alilia, na kwa majuma mawili hakutuletea mboga kama desturi yake.

Tulisafiri katikati ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi baada ya mvua. Kwenda Lubumbashi ni kilomita zipatazo mia tatu, na njia nzima ni malori: yaliyobeba mabamba ya shaba, yaliyobeba kobalti, yaliyobeba tindikali. Kobalti hiyo, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima hutoka katika nchi yetu, inakwenda kuendesha magari mapya ya mbali. Na tairi zilizochakaa za watu wa mbali zinakuja kwetu kwa barabara hiyohiyo. Wengi wenu mnakumbuka mwezi wa pili mwaka 2019, lori la tindikali lilipogongana na basi kati ya Kolwezi na Fungurume, na jinsi watu walivyokufa. Tulipita mahali pale bila kuongea.

Mbele ya Likasi, kwenye mteremko, lori lilikuwa limesimama katikati ya njia bila taa, na maji yakitiririka juu ya lami. Mpwa wetu alikanyaga breki. Breki husimamisha magurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi, na kila tairi hugusa ardhi kwa sehemu iliyo karibu na ukubwa wa kiganja cha mtu. Viganja vinne vilitushika. Gari lilisimama limenyooka, hatua kadhaa nyuma ya lile lori. Mama yake alikuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma. Hakuamka.

Mpwa wetu hajatuambia kwamba ametusamehe, nasi hatujamwuliza. Posa ilipokewa. Kila Jumapili, kabla ya misa, tunamkuta uani mwa parokia akipima upepo wa tairi za basi la vijana asubuhi kabla hazijapata joto, kama inavyotakiwa, na akichomeka njiti ya kiberiti kati ya meno yake ili aone kina kilichobaki. Juma lililopita alitupa njiti moja, akatuonyesha tairi ya pili. Tulipima.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani anayenunua vifaa vya kikundi chetu, na ni nani anayesoma risiti? Je, tunamwonea haya kumwuliza?

2. Kijana aliyefunga zile tairi za basi alitutahadharisha mara moja, akanyamaza. Tungekuwa yeye, tungefanya nini?

3. Je, kuna ajali au hasara tuliyoiita mapenzi ya Mungu, ilhali tulijua chanzo chake?

4. Kabla ya safari yenu ijayo, tokeni nje mkaitafute tarehe ubavuni mwa kila tairi ya gari mtakalopanda. Mkiikuta ni ya zamani, mtamwambia nani, na asipowasikiliza mtafanya nini?